Masikio Yanapovuma: Sababu za Kitabibu, na Tahadhari kwa Jamaa Zetu Walioko Kilosa na Mikumi

 



Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtu wao bara. Mmoja yuko Kilosa kwenye kazi za reli au mashamba ya mkonge, mwengine yuko Mikumi anafanya biashara kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia, mwengine amekwenda msimu wa miwa upande wa Kidatu. Wanaporudi nyumbani kwa 'Iyd, kwa arusi au kwa msiba, baadhi yao hurudi na lalamiko ambalo watu hulichukulia kwa wepesi: masikio yanavuma. Kuna anayesikia mluzi usiokatika, kuna anayesikia kama nyenje wa usiku, na kuna anayesikia mvumo wa bahari hali yuko mbali na pwani.

Hapo kila mtu huwa na tafsiri yake. Bibi husema unatajwa mahali. Jirani husema umepatwa na jini wa safari. Rafiki wa kazini husema ni dawa za malaria, basi ziache. Tafsiri hii ya mwisho ndiyo inayotutia khofu zaidi, kwani ndani yake mna ukweli kidogo na hatari kubwa.

Tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu. Mlio wa sikio ni dalili, na dalili huulizwa maswali matatu: umetoka wapi, umekaa kwenye kelele gani, na umetumia dawa gani? Anayejibu maswali haya kwa ukweli mbele ya daktari huwa ameshavuka sehemu kubwa ya njia ya kujua kinachomsibu.

MLIO WA SIKIO NI NINI?

Sauti huingia kwenye tundu la sikio, ikatikisa kiwambo, kiwambo kikatikisa vifupa vitatu vidogo, navyo vikaufikisha mtikisiko huo sikio la ndani. Huko mna kiungo kilichojipinda mfano wa koa la konokono, kimejaa maji, na ndani yake mna maelfu ya chembe zenye vijinywele. Vijinywele hivi ndivyo vinavyogeuza mtikisiko kuwa khabari inayopelekwa kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu.

Chembe hizi zikidhurika, ubongo hupokea khabari pungufu. Wataalamu wengi wanaeleza kwamba ubongo huongeza usikivu wake ili kulifidia pengo hilo, na katika kufanya hivyo huzalisha sauti ambayo nje haipo. Ndiyo maana mlio na upungufu wa kusikia mara nyingi huandamana. Na chembe hizi za vijinywele, kwa mwanadamu, zikifa hazioti tena.

Hali hii ni ya watu wengi. Makadirio yaliyokusanywa kutoka nchi mbalimbali yanaonesha kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila saba amewahi kuipata, na kwa wachache wao huwa nzito kiasi cha kuwakosesha usingizi na utulivu. Mlio wa sekunde chache unaokuja na kuondoka wenyewe hauna neno. Tunazungumzia mlio unaodumu, unaorudirudi, au unaokuja pamoja na mambo mengine tutakayoyataja.

DAWA YA MALARIA: KWININI

Tunaanza na hili kwa sababu linawahusu zaidi watu wa visiwani wanaokwenda bara.

Zanzibar, kwa fadhila za Allaah kisha kwa juhudi za vyandarua, upigaji dawa majumbani na dawa mseto zilizoanza kutumika 2003, malaria imepungua sana. Matokeo yake ni kwamba kijana aliyekulia Unguja au Pemba leo hana kinga ya mwili waliyokuwa nayo wazee wake. Akienda bonde la Kilosa, au Mikumi na kuteremka hadi Kidatu na Ifakara, anakutana na mbu ambao mwili wake haukuwazoea, na malaria inaweza kumlaza vibaya kuliko mwenyeji wa huko.

Kwa miaka mingi malaria kali ilitibiwa kwa kwinini, kwa njia ya dripu, sindano au vidonge. Dawa hii asili yake ni magamba ya mti wa Amerika ya Kusini, na Wajerumani waliupanda mti huo hata Amani, kwenye milima ya Usambara, ambako walianzisha kituo cha utafiti 1902. Kwinini imeokoa roho nyingi, lakini ina tabia iliyo maarufu: anayeitumia kwa dozi kamili, mara nyingi masikio yake huvuma, kusikia kukapungua, kichwa kikauma, na kichefuchefu kikamshika. Wazee waliowahi kulazwa kwa malaria wanaijua hali hii vizuri.

Mlio wa kwinini kwa kawaida huondoka siku chache baada ya dawa kumalizika. Khatari iko kwa mgonjwa anayeukimbia mlio kwa kuiacha dawa katikati. Vidonge vya kwinini hutumika kwa siku 7, na anayeacha siku ya tatu kwa sababu masikio yanapiga kelele huwa amewaacha vimelea wengi hai katika damu yake. Homa hurudi, na inaweza kurudi ikiwa imeshapanda kichwani.

Siku hizi malaria isiyo kali inatibiwa kwa dawa mseto, ambayo Tanzania Bara iliifanya kuwa dawa ya kwanza 2006, na malaria kali inatibiwa kwa sindano ya artesuneti. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa 2010, ulionesha kwamba watoto wenye malaria kali waliopewa artesuneti walikufa kidogo kuliko waliopewa kwinini. Hata hivyo kwinini bado haijatoweka. Hutumika pale artesuneti inapokosekana, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa dawa ya mama mjamzito wa miezi mitatu ya mwanzo.

Basi mgonjwa akiwa kwenye matibabu ya malaria na masikio yakaanza kuvuma, amwambie daktari au muuguzi siku hiyohiyo, na aendelee na dawa mpaka aambiwe vyengine na mwenye ujuzi. Na aliyerudi kutoka bara akapata homa ndani ya wiki chache, apimwe malaria siku hiyo na aseme wazi kwamba alikuwa Kilosa au Mikumi. Asitibiwe kwa kukisia.

SINDANO NA DAWA NYENGINE

Kuna dawa ambazo mlio wake haufanani na wa kwinini, kwa sababu zenyewe huua zile chembe za vijinywele, na madhara yake mara nyingi hayarudi nyuma. Mashuhuri kati yake ni sindano za jamii ya streptomaisini, kanamaisini na jentamaisini.

Streptomaisini iligunduliwa 1943 na ndiyo iliyokuwa dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya kifua kikuu. Mapema kabisa madaktari waliona kwamba baadhi ya wagonjwa wanapata kizunguzungu, na wengine wanapoteza kusikia. Wapo walioingia hospitalini na kifua kikuu wakatoka wamepona kifua, lakini wamepoteza masikio. Shirika la Afya Duniani lilishauri 2017 kuachwa kwa ule mpango wa zamani wa kuwatibu wanaorudia kuugua, ambao streptomaisini ilikuwa ndani yake, na 2018 likashauri kuachwa kwa kanamaisini kwa kifua kikuu sugu. Leo kifua kikuu sugu, ambacho kwetu Tanzania kituo chake mashuhuri ni hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, kinatibiwa zaidi kwa vidonge.

Jentamaisini bado inatumika sana, na inaokoa watoto wachanga wenye maambukizi makali. Hatuwaambii wazazi waikatae. Tunawaambia wasiinunue dukani na kumchoma mtu bila ya kipimo cha daktari, na mgonjwa akianza kusikia mlio au kupepesuka, aseme papo hapo kabla ya sindano inayofuata. Ikiwa katika ukoo, khasa upande wa mama, kuna mtu aliyepata uziwi baada ya sindano, daktari aambiwe kabla ya kuanza, kwani wapo ambao maumbile waliyorithi huwafanya waathirike kwa dozi ndogo tu.

Aspirini kwa wingi nayo huvumisha masikio, na mara nyingi mlio wake huondoka dozi ikipunguzwa. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wafanyakazi wa kazi nzito huzitumia kila siku kama peremende, nazo zimo katika orodha. Zimo pia baadhi ya dawa za kukojosha anazopewa mgonjwa wa moyo, na baadhi ya dawa za saratani. Kila mmoja wetu na aandike majina ya dawa anazotumia, na aende na karatasi hiyo kwa daktari.

KELELE ZA KAZINI

Wilaya ya Kilosa, ambayo Mikumi ni sehemu yake, ina kazi nyingi zenye kelele. Kuna mashine za kuchambua mkonge, maarufu kwa jina la korona. Kuna viwanda vya sukari upande wa Kidatu. Kuna reli ya zamani ya kati, na reli ya kisasa ambayo ili ipite ilibidi milima ya Kilosa itobolewe mahandaki. Kuna mashine za kusaga na kukoboa, kuchomelea vyuma, na misumeno ya moto ya kukata magogo. Na kuna malori na mabasi yanayopita usiku na mchana katika barabara iliyokata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Wataalamu wa afya za kazini wanasema mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ikifika 100 ni robo saa tu. Msumeno wa moto unaweza kufika 110. Kwa hiyo mtu anaweza kumaliza posho yake ya kelele kabla ya chai ya asubuhi.

Hapa Tanzania watafiti waliwapima wafanyakazi wa viwanda vya chuma na nondo, wakakuta wastani wa kelele wanayokaa nayo unazidi desibeli 90, na upungufu wa kusikia kwao ni mkubwa kuliko wa walimu wa skuli za msingi waliolinganishwa nao. Hali hiyo haiji kwa siku moja. Mwanzo masikio huvuma jioni baada ya kazi, na asubuhi yametulia. Baadae yanavuma mpaka asubuhi. Kisha mtu anaanza kuwaambia wenzake wanazungumza chini kwa chini, na nyumbani televisheni inapandishwa kila mwezi.

Mlio ule wa jioni ndio onyo. Kanuni nyepesi ni hii: ikiwa unalazimika kupiga kelele ili usikiwe na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, basi hapo pana kelele ya kudhuru. Omba viziba masikio kwa mwajiri wako, ni haki yako. Pamba kavu haitoshi, huzuia kidogo sana.

Vijana wa hedfoni nao wasijione wamesalimika. Anayesafiri kwa basi na kupandisha sauti ya simu ili ishinde mngurumo wa injini huwa ameongeza kelele juu ya kelele. Na wasimamizi wa misikiti, madrasa na shughuli za maulidi, tunawanasihi wasiwaketishe watoto mbele ya spika kubwa.

SABABU ZILIZO NDANI YA SIKIO

Baadhi ya sababu ni nyepesi na tiba yake ni ya dakika chache.

Nta iliyoganda. Vumbi la barabara na jasho huchanganyika na nta, kisha mtu huisukuma ndani kwa kijiti cha pamba au cha kiberiti. Sikio huziba, na mlio wa ndani ukasikika zaidi. Mhudumu wa afya huitoa kwa kuilainisha na kuiosha.

Mdudu. Anayelala nje au kambini anaweza kuingiwa na mdudu. Ikiwa yu hai na sikio halina tundu wala usaha, matone machache ya mafuta safi yasiyo ya moto humtuliza, kisha aende akatolewe hospitalini. Asichokolewe kwa kibanio.

Usaha. Sikio linalotoa usaha kwa wiki kadhaa, khasa kwa mtoto, si jambo la kungoja akue litaacha. Kiwambo hutoboka, kusikia hupungua, na maambukizi yanaweza kupanda kwenye mfupa na hata kwenye ubongo.

Mgandamizo. Anayepanda mlima wa Kitonga baada ya Mikumi, akielekea Iringa, huhisi masikio yameziba. Kumeza mate na kupiga miayo hutosha. Kwa wazamiaji wetu wa pweza na majongoo ya bahari jambo ni zito zaidi. Anayezama akiwa na mafua, au anayelazimisha kushuka hali sikio linauma, anaweza kupasuka kiwambo au kujeruhi sikio la ndani.

Maradhi ya Ménière. Haya huja kwa mikupuo ya kizunguzungu kikali, kutapika, sikio kujaa na mlio mzito. Yanahitaji daktari wa masikio, pua na koo.

Na umri. Mzee wa miaka 65 anayesikia mluzi hafifu, mara nyingi ni masikio yake yanazeeka kama macho yanavyozeeka. Kifaa cha kusaidia kusikia huweza kumrudishia mazungumzo ya wajukuu na pia kuufifiza mlio.

SABABU ZILIZO NJE YA SIKIO

Kuna mlio unaokwenda sambamba na mapigo ya moyo: dup, dup, dup. Huu haufanani na mluzi. Unaweza kutokana na shinikizo la juu la damu, upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au mishipa ya damu iliyo karibu na sikio. Mama mwenye upungufu wa damu baada ya kujifungua anaweza kuusikia. Mgonjwa wa selimundu pia, naye huenda malaria ya bara ikawa imeiteketeza damu yake. Huyu apimwe presha na wingi wa damu kabla ya kitu chochote.

Maumivu ya taya, jeraha la kichwa, homa ya uti wa mgongo, na malaria iliyopanda kichwani, vyote vinaweza kuacha athari katika kusikia. Wasiwasi na kukosa usingizi havianzishi mlio mara nyingi, lakini huukuza: mtu hufikiri mlio, akakosa usingizi, na akikosa usingizi mlio ukazidi.

WAKATI GANI USINGOJE

Nenda hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana, ukiona mojawapo ya haya:

- Kusikia kumepotea ghafla, kwa saa chache au ndani ya siku tatu, hata kama ni sikio moja. Kuna dawa ya kusaidia, na faida yake hupungua kila siku inayopita.
- Mlio umeanza baada ya kupigwa, kuanguka au ajali ya barabarani.
- Uso umelegea upande mmoja, au kuna kizunguzungu kikali na kutapika.
- Kuna homa kali pamoja na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa au degedege.
- Damu inatoka sikioni, au usaha pamoja na uvimbe nyuma ya sikio.

Na usichelewe kwa wiki nyingi ukiwa na mlio wa sikio moja tu usiokatika, au unaokwenda na mapigo ya moyo, kwani nadra sana huwa kuna uvimbe kwenye mshipa wa kusikia unaohitaji kupigwa picha.

Aliyeko Kilosa aanzie hospitali ya wilaya, na aliyeko Mikumi kituo cha afya au hospitali iliyo karibu naye, kisha atapewa rufaa ya Morogoro au Muhimbili ikihitajika. Aliyerudi Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja ina madaktari wa masikio, pua na koo.

YASIYOFAA KUTIWA SIKIONI

Mafuta ya taa, maji ya betri, mkojo, maziwa ya mama, maji ya kitunguu, mafuta ya moto, unyoya wa kuku: vyote hivi vimetiwa kwenye masikio ya watu, na vimewaongezea maradhi. Vilevile matone ya dukani yasitiwe sikio lenye tundu bila ya ushauri. Na mjue kwamba mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitika kuuondoa mlio wenyewe. Anayekuuzia chupa akakudhaminia kupona kwa siku tatu anataka fedha yako.

UPANDE WA DINI

La kwanza, kutajwa. Imeenea kwamba sikio la kulia likilia unatajwa kwa kheri, na la kushoto kwa shari. Hili halina asili. Ipo Hadiyth inayonasibishwa kwa Swahaba Abu Raafi' kuhusu kumtaja Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) sikio linapolia. Wengi katika 'Ulamaa wa Hadiyth wameidhoofisha, na Ibn al-Jawziy na Shaykh al-Albaaniy wameihesabu kuwa ni ya kutungwa. Kumswalia Mtume ni ibada tukufu wakati wowote, lakini isifungwe na mlio wa sikio. Na madhara ya imani hii tunayaona: mtu analala akimdhania wifi yake au jirani yake kuwa anamsengenya, hali Suurat al-Hujuraat imetukataza dhana mbaya.

La pili, majini. Hatukanushi kuwepo kwa majini wala uchawi, na Ruqyah ya Qur-aan na du'aa zilizothibiti ni jambo jema kwa mgonjwa yeyote. Lakini Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametuamrisha kutafuta tiba, na ametufundisha kwamba Allaah Hakuteremsha maradhi ila Ameyateremshia dawa. Basi somewa, na wakati huohuo nenda kapimwe. Anayemwambia mgonjwa aache dawa za malaria au kifua kikuu mpaka jini atolewe, amejitwika dhamana kubwa mbele ya Allaah.

La tatu, swaumu. Kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu ya Imaam ash-Shaafi'iy, yanayofuatwa na wengi visiwani, ni kwamba dawa ikifika ndani ya sikio inafunguza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah 1997, liliona kwamba matone ya sikio na kuoshwa sikio havifunguzi, midhali mtu hamezi kinachofika kooni. Madaktari nao wanasema kiwambo kikiwa kizima hakuna njia ya dawa kupita kwenda kooni, ama kikiwa na tundu njia ipo. Iliyo salama ni kutia dawa usiku ikiwezekana. Isipowezekana, asiiache tiba yake. Na ambaye maradhi yake yanahitaji afungue, Allaah Amempa ruhusa, atalipa siku nyengine.

La nne, wudhuu na Swalaah. Kupangusa masikio katika wudhuu ni Sunnah kwa Shaafi'iyyah. Mwenye kiwambo kilichotoboka apanguse nje tu kwa unyevu, na katika josho azibe tundu kwa pamba iliyopakwa vaselini ili maji yasiingie. Mwenye kizunguzungu asijilazimishe kusimama akaanguka. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimuelekeza 'Imraan bin Huswayn aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu.

KUISHI NA MLIO USIOONDOKA

Wapo ambao sababu imetibiwa na mlio ukabaki. Kwao tunasema: ubongo huzoea. Baada ya miezi, wengi huendelea kuusikia mlio bila ya kuusumbukia. Kimya kizito cha usiku ndicho kinachoukuza, kwa hivyo sauti laini ya feni au ya maji husaidia usingizi. Qur-aan ikisomwa kwa sauti ya chini na mtu akaisikiliza kwa kuzingatia mpaka alale, ni kheri. Isifanywe mngurumo tu wa kufunika mlio. Mazungumzo na mshauri wa afya ya akili nayo yamethibitika kupunguza dhiki yake.

Na familia isimcheke. Mlio hauonekani, na anayesumbuka nao hana jeraha la kukuonesha. Akianza kujitenga au kusema maisha hayana maana, msimwache peke yake, mpelekeni kwa daktari.

KABLA MTU WENU HAJAPANDA BOTI

Mnapomuaga anayekwenda Kilosa au Mikumi, pamoja na du'aa ya safari mpeni chandarua chenye dawa, viziba masikio ikiwa kazi yake ni ya mashine, na karatasi ya kuandika kila dawa atakayopewa huko. Akipiga simu kusema masikio yanavuma, msimuulize amegombana na nani. Muulizeni ana homa, anatumia dawa gani, anasikia sawasawa pande zote mbili, kisha mwambieni aende hospitali na asikatishe dozi.

Kusikia ni katika neema ambazo Qur-aan, katika Suurat al-Israa, imetueleza kwamba tutaulizwa kwazo. Kuilinda neema hii ni sehemu ya kuishukuru.

Tunamuomba Allaah Awaponye wagonjwa wetu, Awarudishe salama wasafiri wetu, na Atustareheshe kwa masikio yetu na macho yetu muda wote Atakaotuweka hai.

Na Allaah Anajua zaidi.